Maombi ya Nyumbani Si Kikao cha Kusemana

Kuna aina ya maombi ambayo kama umelelewa kwenye nyumba ya Kikristo hapa Mombasa unayajua, hata kama hakuna aliyewahi kuyapa jina. Yanaanza vizuri. Mungu anasifiwa, anashukuriwa kwa chakula, kwa uzima, kwa mvua. Halafu sauti inashuka kidogo, na wewe uliyefumba macho unajua kabisa zamu yako imefika. "Na Baba, unamuona huyu mtoto. Unamuona anavyolala saa tisa usiku akichezea simu. Unawajua marafiki zake, Bwana, hata yule wa Majengo mwenye nywele."

Hapo mtu haongei na Mungu tena. Anaongea na wewe, Mungu amewekwa katikati kama shahidi. Na huwezi kujibu, manake nani anajibu maombi? Ukifungua mdomo unaambiwa una roho ya ukaidi. Kazi iliyobaki ni kusema Amina, yaani umekubali mashtaka yote.

Wiki iliyopita niliweka video fupi kuhusu maombi ya namna hii, ya kuchekesha tu, nikiigiza mama na mtoto. Nilitarajia vicheko na vilikuja. Lakini chini ya vicheko kulikuwa na kitu kingine. Watu wa miaka kumi na saba, ishirini, ishirini na mbili wakisema wao walishaacha kuomba nyumbani kabisa. Sio kwamba wamemuacha Mungu. Wengine wanaimba kwaya, wengine wanaenda kesha kila mwisho wa mwezi. Wameacha kuomba wakiwa na wazazi wao. Mmoja aliandika kwamba akisikia mamake anaita "njooni tuombe" anaingia bafuni na kufungua maji.

Niseme msimamo wangu mapema ili usinisome hadi mwisho ukinitafuta niko wapi. Naamini imani ya Kikristo inalelewa nyumbani kuliko mahali pengine popote, kuliko kanisani, kuliko krusedi ya Tononoka. Lakini hailelewi bila ukaribu, na ukaribu hauji mahali ambapo mtu mmoja anaongea na wengine wanasemwa. Mtoto asiyeweza kuuliza kitu kwenye maombi ya kwao hajafundishwa kuomba, amefundishwa kunyamaza. Na mtu aliyezoea kunyamaza mbele ya dini ni mtu wa hatari, nitafika huko.

Kwanza nikwambie nilipokulia, manake ndipo hii hoja ilipoanzia.

Sisi ni Wataita, Waanglikana, tumepanga orofani ukingoni mwa Mji wa Kale, upande wa Kibokoni. Ukifungua dirisha jikoni unaongea na dirisha la jikoni la jirani. Adhana tunaisikia kutoka misikiti mitatu, kila mmoja ukianza sekunde chache baada ya mwingine. Msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ulijengwa mwaka 1570 hivi, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa hivyo Mkristo wa hapa anakua akiona imani ya mwenzake ikiwa nyumbani, sio mahali pa kwenda Jumapili. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya Magharibi, sahani ya futari iliyofunikwa inakuja kwetu, kaimati na mbaazi, na mama hairudishi sahani tupu hata siku moja. Krismasi sisi ndio tunapeleka.

Sitaki kuwapamba majirani. Rafiki zangu Waislamu wameniambia wazi kwamba na kwao kuna kusemwa, kuna ukali wa madrasa, kuna baba ambaye mnakutana naye sadaka tu ikitolewa. Lakini kulikuwa na kitu nilichokuwa nakionea wivu nikiwa mdogo. Rafiki yangu wa ghorofa ya chini alikuwa anatembea na babake kwenda kuswali, wawili tu, wakirudi wanapitia kahawa na kashata. Dini yao ilikuwa na kutembea ndani yake. Ilikuwa na babake.

Yetu ilikuwa na basi la kanisa. Jumapili tunavaa, tunaenda, watoto wanapelekwa shule ya Jumapili, wazazi wanabaki ndani, tunakutana mlangoni saa saba mchana kila mtu ana njaa. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa anajua maswali yangu kuhusu Mungu kuliko mamangu. Sio kosa la mwalimu, Mungu ambariki, alikuwa mtu mpole sana. Lakini fikiria vile tumepanga hii kitu: Biblia kwa mwalimu, maombi kwa mchungaji, kuonywa kwa kiongozi wa vijana, na mzazi amebaki na nini? Amebaki na karo, chakula na kugomba. Halafu tunashangaa kwamba akijaribu kuomba na watoto, kitu pekee kinachotoka ni ugomvi wenye Amina.

Sasa nataka nikupeleke mahali unapopajua. Sote tumepiga picha Fort Jesus. Tunasimama pale juu ya ukuta, bahari nyuma, tunaweka statasi, tunaenda zetu kula viazi karai. Ndani ya ngome ile kuna kisa ambacho tulisimuliwa shuleni kwa sentensi mbili, kwamba ilikuwa vita vya dini. Mimi nilipokisoma vizuri niliona kisa cha familia.

Wareno walianza kujenga ngome mwaka 1593. Mfalme wa Mombasa wakati huo alikuwa mshirika wao, na mwanawe aliyemrithi, Sultani Hasan, akaja kukosana na kapteni wa ngome, na mwaka 1614 akauawa. Aliacha mtoto mdogo, Yusuf. Yule mtoto akapelekwa Goa, India, akalelewa na watawa wa Kiagustino. Wakambatiza, wakampa jina Dom Jerónimo Chingulia, wakamfundisha, akaoa huko, na mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme Mkristo. Kwa hesabu za makaratasi, huyo ni mtoto aliyelelewa katika imani kuliko mimi na wewe. Watawa usiku na mchana, ibada kila siku, hakuna simu.

Halafu akarudi nyumbani. Na taarifa za wakati ule zinasema alikuwa anaenda kwenye kaburi la babake kuomba, kwa namna ya Kiislamu, namna ya babake. Mtu akamuona, akaenda kumchongea kwa kapteni. Kabla hajakamatwa, tarehe 16 Agosti 1631, aliingia ngomeni na watu wake akamuua kapteni. Siku zilizofuata Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, waliwekwa wachague kusilimu au kufa, na zaidi ya mia waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo. Ndio wanaojulikana kama Mashahidi wa Mombasa. Mwaka uliofuata Yusuf aliuacha mji.

Simtetei. Kuua watoto hakuna mlango wa kukutetea. Na moyoni mwake aliamini nini, hilo ni lake na Mungu. Lakini kila nikipita Ndia Kuu nafikiria yule mtoto, kabla hajawa muuaji wa mtu yeyote. Walimpa katekisimu, walimpa jina, walimpa kiti cha ufalme. Kuna mtu aliyewahi kukaa naye chini akamwambia, hebu tuongee kuhusu babako? Watu aliolelewa nao walikuwa upande wa wale waliokosana na babake hadi akafa. Na siku alipokwenda kumlilia, alichopata ni mtu wa kumripoti. Hiyo ndio dini iliyofundishwa bila nyumba. Inashika kichwani tu.

Usiniambie hiyo ni historia ya miaka mia nne iliyopita. Mtoto anayepatikana analia usiku, na badala ya kuulizwa unalilia nini, jina lake linapelekwa kwa mchungaji akaombewe mbele ya watu, ameripotiwa kwa kapteni.

Najua kuna mtu hapa tayari anataka kuniuliza: si hiyo imani ya kufungiana nyumbani ndio ilituletea Shakahola?

Ni swali la haki, na sisi wa Pwani hatuna ruhusa ya kulikwepa. Aprili 2023, polisi walipoingia msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, walikuta makaburi ya watu waliofunga kula hadi kufa wakisubiri kukutana na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilipita 400. Februari 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa Malindi kwa mauaji ya watoto 191, wakakana. Watoto 191. Na wale watoto hawakuenda msituni na basi la kanisa, wengi walipelekwa na mama na baba zao. Familia nzima zilihama. Zilikuwa pamoja, zikiomba pamoja, kila siku.

Kwa hivyo mtu akisema tu "familia inayoomba pamoja hukaa pamoja", kama vile stika za matatu zinavyopenda kusema, mimi naomba aongeze maneno. Zile familia ziliomba pamoja. Kilichokosekana ni mtu mdogo kuweza kusema "mama nina njaa" na hiyo sentensi ikawa na nguvu kuliko ya mhubiri. Mzazi alikuwa amejiuzulu uzazi. Amri ilitoka nje, yeye akawa mpitishaji tu, na mtoto hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Ukweli ni kwamba Mackenzie alikuwa ashajulikana kwa kuhubiri dhidi ya shule na hospitali miaka kadhaa kabla ya msitu. Kwanza ilizimwa shule, halafu daktari, halafu jamaa wa nje wasioamini, mwishowe chakula. Ukitazama huo mpangilio, kila hatua ilikuwa inapunguza mtu wa kuuliza maswali. Na waliopiga kelele hadi nchi ikasikia, kati yao walikuwa ndugu na jamaa ambao hawakukubali kuacha kuuliza watu wao wako wapi.

Ndio maana nilisema mtu aliyezoea kunyamaza mbele ya dini ni wa hatari. Hatari kwake mwenyewe kwanza. Mtoto ambaye miaka kumi na tano ameambiwa kuuliza ni ukaidi, siku akikutana na mhubiri mwenye sauti nzuri na mpango mbaya, atatoa wapi hilo "kwa nini"? Hatukumfundisha. Nyumba yenye maswali ndiyo kinga, na kinga hiyo hatuwezi kuiagiza kwa serikali.

Na tusisingizie Biblia. Wazazi wetu wanaipenda Waefeso sita, mstari wa kwanza, ule wa watoto kuwatii wazazi. Umechapishwa kwenye kalenda, kwenye saa za ukutani, mpaka kwenye sinia. Mstari wa nne, ule unaowakataza baba kuwachokoza watoto wao mpaka wakasirike, sijawahi kuuona kwenye sinia hata moja. Iko palepale, mistari mitatu chini! Na Kumbukumbu la Torati sita, ile sura ya kuwafundisha watoto ukiwa umekaa nyumbani, ukitembea njiani, ukilala na ukiamka, watu huishia hapo. Endelea mpaka mstari wa ishirini. Inasema mtoto atakuja kukuuliza haya mambo maana yake nini. Na jibu ambalo mzazi anafundishwa kulitoa ni hadithi, ya vile wao walikuwa watumwa Misri na vile walivyotolewa. Mtoto anauliza, mzazi anasimulia maisha yake. Kugombeza hakujatajwa.

Hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwenye mzazi kusimulia maisha yake.

Nyanya yangu mzaa mama ni wa Uamsho. Kama hujui Uamsho, uliza wazee wa Kianglikana wakuimbie Tukutendereza na utaona nyuso zao zinavyobadilika. Ni ile moto iliyoanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ikapita Uganda, ikaingia Kenya na Tanganyika. Watu walikuwa wanasimama na kusema dhambi zao wazi, kurudisha walichoiba, waume wanaomba wake zao msamaha, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa kali kuliko mapinduzi. Wana mambo yao pia, hawa wa Uamsho, wanaweza kuwa wakali wa ajabu kuhusu mavazi. Lakini kuna kitu walikuwa nacho ambacho makanisa yetu ya spika kubwa yameacha njiani.

Nikiwa na miaka tisa, likizo huko Taita, pesa za nyanya zilipotea, mia mbili. Akanishuku mimi. Nilichapwa. Siku mbili baadaye akazipata ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Jioni ile tukiwa tumekaa kwa maombi, wajukuu wote, na binamu zangu waliokuwa wananicheka, aliomba kwa sauti na kusema, Bwana nimemdhulumu mjukuu wako, nimemuonea, naomba unisamehe. Halafu akafungua macho, katikati ya maombi, akanigeukia mimi: "Na wewe baba, nisamehe."

Nimekaa kwenye mahubiri mangapi kuhusu neema? Mamia. Hakuna lililonifundisha kama mwanamke wa miaka sitini na kitu akimwomba msamaha mtoto wa miaka tisa mbele ya mashahidi. Nilijua siku ile kwamba huyu Mungu wao anamuona hata mtu mkubwa. Kwamba kwenye hii nyumba kuna mtu juu ya nyanya.

Hiyo ndio maombi ya nyumbani kwangu. Angeweza kuomba "Bwana wafundishe hawa watoto kuweka vitu mahali pake", na mimi sasa hivi ningekuwa mmoja wa wale wanaofungua maji bafuni.

Kwetu Mombasa haikuwa hivyo muda mrefu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, sehemu nyingine ni kwamba kazi ya video ilikuwa ishaanza kunilipa na nikaona njia. Sijutii na leo siongelei hilo. Ila nikwambie, miezi mitano nilikuwa ajenda nambari moja. Kila usiku jina langu linapelekwa mbinguni na maelezo kamili, ikiwemo kiasi cha karo ambacho kilishalipwa, kana kwamba Mungu ni mhasibu. Nikaanza kurudi saa tano usiku makusudi. Nakaa Lighthouse na muhogo wa shilingi hamsini mpaka nihesabu kwamba Amina imeshapita.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa semina ya familia. Babangu ni dereva wa trela, Mombasa kwenda Malaba, wakati mwingine anavuka mpaka Kampala. Siku moja alikuwa nyumbani, kitu adimu, na mama akaanza ile ripoti yake ya usiku. Akamkatiza. Baba haongei sana. Alisema tu, "Mama, hebu leo huyu atuambie yeye anataka tumwombee nini."

Kimya kirefu. Nilikuwa sina jibu, manake hakuna aliyewahi kuniuliza. Mwishowe nikasema ninaogopa. Kwamba naonekana najiamini kwenye simu, lakini kila mwisho wa mwezi nikikaribia kodi yangu ya vifaa tumbo linaniuma. Basi. Baba akaomba kuhusu tumbo. Kihalisi, aliombea tumbo langu. Tulicheka baadaye, lakini usiku ule nililala.

Tangu hapo tuna kanuni moja, hatukuiandika popote: hakuna kumwombea mtu aliye chumbani kabla hujamuuliza. Ukitaka kumshukuru Mungu kwa ajili yake, endelea. Ukitaka kumsema, mwambie kwa mdomo, baada ya chakula, na yeye ajibu.

Kanuni ndogo, lakini angalia kilichofuata. Tulikuwa tunasoma Ayubu, nilichagua mimi kwa kiherehere. Nikasema wale rafiki zake walikuwa watu wazuri kwa siku saba tu, zile walizokaa naye chini bila kusema neno, walipofungua mdomo wakaharibu. Mama akanyamaza. Halafu akasema kwamba mwaka aliopunguzwa kazi, mimi nikiwa darasa la tatu, hakuomba kwa miezi minne. Alikuwa anafumba macho mezani na hakuna kitu ndani. Alikuwa anatuongoza kuomba akiwa mtupu.

Miaka ishirini na kitu naishi na huyu mwanamke, sikuwahi kujua. Na ninakwambia imani yake ilinipa uzito mpya palepale. Yule mama wa "Bwana unamuona huyu mtoto" nilikuwa namuogopa na kumchoka. Huyu wa miezi minne ninaweza kumuendea.

Wazazi wanaonisoma, najua mko, mnaniambiaga kwa watoto wenu: mnaogopa mkisema hivyo tutapoteza imani. Sisi tunaipoteza kwa kudhani nyinyi hamjawahi kutetereka, na sisi tunatetereka kila siku, basi lazima hii kitu si yetu.

Sasa kuna jambo la muda. Wahubiri wa redio wanapenda kusema kila nyumba isimamishe madhabahu saa mbili usiku. Saa mbili ya nani? Hii ni Mombasa. Kuna baba askari wa usiku kule bandarini, kuna dada wa hoteli anayefika na feri ya usiku, kuna baba yangu yuko Mtito Andei. Jirani yetu mmoja mamake yuko Riyadh, kazi za nyumbani, mwaka wa tatu huu. Kule ibada ya Kikristo hadharani hairuhusiwi, kwa hivyo huyo mama anaomba chumbani kwake na simu. Kila usiku anatuma ujumbe wa sauti, dakika moja au mbili, kila mtoto wake kwa jina, na watoto wanajibu kwa sauti zao, wadogo wanagombania nani aanze. Hiyo familia iko vipande viwili, bahari katikati, na wana ukaribu kuliko nyumba ambazo watu wote wako kwenye kochi moja.

Na tukiwa kwenye simu: mnatulaumu sisi vijana, sawa, nakubali. Lakini grupu la familia lina maombi arobaini yaliyosambazwa kila asubuhi, na maua, na njiwa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake amelalaje.

Wakatoliki wana kitu hapa nawaonea wivu, ile jumuiya ndogo ndogo ambayo maaskofu wa Afrika Mashariki waliisukuma tangu miaka ya 1970. Wanazunguka nyumba kwa nyumba, kila wiki kwa mtu. Nilialikwa moja huko Makadara. Chumba kimoja, watu kumi na wanne, wengine kitandani, chai ya tangawizi, Injili inasomwa halafu kila mtu anasema neno moja lililomgusa, hata mtoto. Hakuna jukwaa. Mtoto wa darasa la nne alisema lililomgusa ni "samaki", na hakuna aliyecheka, mzee mmoja akaendeleza palepale kuhusu samaki. Sisi wengine tunaweza kuiga bila kuomba ruhusa kwa askofu.

Jambo moja la mwisho na sitalifanyia utani. Kuna nyumba ambazo haya yote hayafai kujaribiwa bado. Kama anayeongoza maombi ndiye anayekupiga, au anayekugusa vibaya, usije ukadhani unatakiwa ukaribie zaidi kwa sababu ya hii makala. Wewe hudaiwi ukaribu. Tafuta mtu mzima mwingine unayemuamini, au piga 116, ni bure, ni laini ya watoto nchi nzima. Ukiambiwa vumilia na uombe, piga tena.

Kwa waliobaki, jaribuni hata mara moja wiki hii. Sio lazima mzazi aanze. Unaweza kuwa wewe, hapo jikoni, mama anakanda unga wa mahamri, umuulize, leo nikuombee nini? Atakushuku kwanza. Mamangu aliniuliza kama nimepata kesi.

Kwetu zamu ya kuchagua kitabu imefika kwa mdogo wangu wa darasa la saba. Amechagua Yona. Anasema ni sura nne tu, na anataka baba akiwa njiani Malaba aeleze kwa sauti vile mtu anaweza kulala ndani ya dhoruba.